Ncha ya Utepe

Mhandisi Nzaro hushika kichwa cha utepe,
mimi hushika mkia.
Ndiyo kazi niliyopewa na manispaa ya Malindi:
kusimama unapoishia, kupiga msalaba wa chokaa,
kungoja aseme, "Haya, twende."

Mita mia tano, kisha alama.
Mita mia tano, kisha alama.
Kutoka ukuta wa hospitali hadi Maweni
barabara tumeikata kama mkate wa sinia,
vipande sawasawa, asinung'unike mtu.

Lakini watu wa njia hii wana midomo.
Kila mmoja anataka kituo kiote mlangoni pake
kama mpapai.
Wa duka la simiti: hapa.
Wa madrasa: hapa, watoto wasivuke.
Kinyozi Athumani alikuwa ameshaweka benchi
na kuandika ubaoni KITUO,
tena kwa rangi nzuri kushinda yetu.

Kafulo peke yake ndiye aliyetukemea kinyume.
Yeye hupika hotelini, upande wa pili wa mji,
na saa kumi na moja alfajiri
jiko la wageni halijui habari za goti la mtu.
"Basi likisimama kwa kila anayekohoa
mimi nitafika kesho. Hesabuni wenyewe:
vituo ishirini, dakika ishirini.
Nani atanilipa?"
Nzaro akafurahi, amempata mwenye akili.
Nami nilikubali. Hata leo nakubali.

Ila Alhamisi ile utepe ulinasa kwenye msumari, ukakatika.
Nzaro akaenda kununua mwingine.
Nikabaki na alama ya saba, jua la utosi,
na mbuzi wa watu akiramba chokaa yangu.
Ndipo nikamwona Bi Mwanahija
akiianza safari kutoka alama ya sita.

Sikuwa na la kufanya ila kumtazama.
Alikwenda hadi gogo la mnazi, akakaa.
Akainuka.
Akafika ngazi za Fundi Shee, penye kivuli cha mkilifi, akakaa;
cherehani ikanyamaza, akaletewa maji bila kuomba,
nikajua si mara ya kwanza.
Akainuka.
Akaushika ukuta wa wenyewe,
akaupapasa jiwe kwa jiwe
mpaka ukuta ukamwishia mkononi.
Aliponifikia watu walikuwa wanatoka kusali adhuhuri.

"Bibi, kutoka kule hadi hapa ni umbali gani?"
Nilijua jibu. Nimeliandika mwenyewe.
"Vikao viwili," alisema, "na ukuta mmoja.
Mifupa ikishika baridi, vitatu."
Kisha akautazama msalaba mweupe miguuni pake.
"Na hapa," akauliza, "amezikwa nani?"

Nzaro alichelewa.
Msalaba nikaufuta kwa kandambili,
nikaenda kuupiga upya mbele ya ngazi za Fundi Shee.
Daftarini nikaandika mia tano.
Mkono haukutetemeka; ulitetemeka usiku.

Kutoka pale kila alama ikarudi nyuma,
na tulipofika Maweni
kilibaki kipande cha barabara kisicho na hesabu.
Nzaro akapima, akapima tena, akakuna kichwa,
akaulaumu utepe mpya, wa bei rahisi.
Kituo kikaongezeka kimoja.
Dakika ile ya Kafulo niliiiba mimi.
Tunasalimiana kila siku, sijamwambia.

Basi lilipoanza nilipita pale makusudi.
Foleni ilifika mlangoni kwa fundi:
wanafunzi, ndoo za samaki,
kijana amelala kwenye ngazi na viatu vyake.
Bi Mwanahija alisimama kando, ameshika mkilifi.
"Sasa ni kikao kimoja tu, Bibi," nikamwambia,
nikingoja shukrani.

"Kimoja," alisema.
"Na nilichokuwa nakikalia bure
mmewapa hawa."